Majina ya Milima ya Virunga: Urithi Uliotangulia Hifadhi

Kaskazini mwa mji wa Goma kuna Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoundwa na utawala wa kikoloni wa Ubelgiji tarehe 21 Aprili 1925 na kupewa jina la Mfalme Albert. Jina la Virunga lilirasimishwa mwaka 1969. Mwaka 1979 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia kutokana na maumbile yake. Tangu hapo aghalabu hifadhi hii huelezwa kwa viumbe vyake: gorila wa milimani, misitu ya mianzi, na lobelia kubwa zinazoota juu penye baridi kali. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Majina ya milima yenyewe yanashuhudia urithi wa watu ulioitangulia hifadhi.

Virunga hutokana na neno la Kinyarwanda ibirunga, yaani volkano. Ndani ya jina Sabinyo mna neno lenye maana ya jino, kwa kuwa vilele vyake vimechongoka. Karisimbi, wenye urefu wa mita 4,507, huhusishwa na simbi jeupe, kwani kilele chake huonekana cheupe baada ya mvua ya mawe au theluji. Katika imani ya kale ya Ryangombe, wafu waliokwisha kuingizwa katika dini hiyo walikwenda mlimani kwake. Wasioingizwa walitupwa katika moto wa Nyiragongo.

Moto huo si wa masimulizi tu. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma. Mawe yake meusi wakazi huyajengea nyumba.

Mipaka ya hifadhi iliwaondolea wenyeji mashamba na mawindo, lakini haikuondoa mahitaji yao. Jikoni mwa Goma hutumika makaa, ambayo Kiswahili cha huko huyaita makala, na mengi hutoka katika miti ya hifadhi. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walikata kuni humo kwa wingi, na mwaka huohuo UNESCO iliitangaza hifadhi kuwa hatarini.

Kwa hiyo, mkazi anayelisikia neno hifadhi kama katazo tu hana sababu ya kuilinda. Majina haya yakifundishwa shuleni pamoja na maana zake, milima hiyo itaeleweka kuwa ni urithi wake pia.