Tangazo Lisiloeleweka Humnyima Mkazi Haki Yake

Tangazo la mkutano wa bajeti likibandikwa mlangoni mwa afisi ya serikali, huenda likaonekana kuwa limekamilisha kazi yake. Hata hivyo, mkulima wa viazi wa Timboroa asiyesoma Kiingereza, mzee ambaye macho yamefifia na kijana kiziwi bado hawajaambiwa lolote. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mkazi asiyepata habari kwa wakati hujikuta akilipa ada ambazo hakuwahi kuulizwa maoni kuzihusu.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinafanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu hicho pia kinaitaka serikali kukuza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya Breli. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti zitumie vyombo vinavyowafikia watu wengi zaidi, zikiwemo redio za jamii, mikutano ya hadhara na njia za jadi za mawasiliano. Kwa hivyo karatasi moja mlangoni haitoshi.

Lugha za Timboroa

Timboroa iko kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, na wakazi wake ni Wakalenjin, Wakikuyu na watu wa jamii nyingine. Sokoni wote hukutana kwa Kiswahili, na ndiyo sababu kila tangazo lianze kwa lugha hiyo. Lugha za mama zifuate, kwani wazee wengi huelewa jambo zito vizuri zaidi katika lugha waliyolelewa nayo. Redio za Kikalenjin kama Kass FM na za Kikuyu kama Inooro FM huwafikia watu hao majumbani.

Jambo la kuangaliwa ni usawa. Tangazo likitoka kwa lugha moja ya mama pekee, jirani asiyeijua huachwa nje, na anaweza kudhani kuwa mambo yanapangwa bila yeye. Ujumbe uwe uleule katika kila lugha, na utolewe siku ileile.

Maneno mepesi

Kiswahili nacho kinaweza kumficha mtu jambo. Tazama mfano huu wa tangazo:

“Umma unajulishwa kwamba vikao vya ushirikishwaji kuhusu Mswada wa Fedha vitaandaliwa katika maeneo teule, na mawasilisho yapokelewe kabla ya tarehe iliyobainishwa.”

Ujumbe huohuo unaweza kuandikwa hivi:

“Kaunti inapanga ada za soko na leseni za biashara za mwaka ujao. Je, unauza viazi, maziwa au mitumba? Njoo useme unachokubali na unachokataa. Mkutano utakuwa Jumanne, saa nne asubuhi, katika uwanja wa soko. Usipoweza kufika, peleka maoni yako kwa msimamizi wa wadi kabla ya Ijumaa.”

Tangazo la pili linamwambia msomaji jambo lenyewe, linavyomhusu, na anachopaswa kufanya. Saa pia imeandikwa jinsi watu wanavyoisema. Ukiandika “saa 10.00” ukimaanisha saa nne asubuhi, kuna mtu atakayefika saa kumi jioni na kukuta uwanja mtupu.

Katika baraza

Anayehutubia atumie kipaza sauti, aelekee watu, na asiruhusu wawili kuzungumza kwa pamoja. Mkalimani wa lugha ya ishara asimame karibu na msemaji, penye mwanga, na aagizwe mapema badala ya kutafutwa asubuhi ya mkutano. Ukumbi usiwe ghorofani mahali ambapo mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kufika.

Si kila asiyeona anasoma Breli, na si kila kiziwi alisomeshwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa sababu hiyo, ujumbe utolewe kwa njia zaidi ya moja: maandishi makubwa meusi kwenye karatasi nyeupe, sauti iliyorekodiwa na kusambazwa kwa simu, na picha. Pesa nazo zielezwe kwa mambo yanayoonekana. Mkazi akitajiwa mamilioni ya barabara, aambiwe ni barabara gani, kutoka wapi hadi wapi.

Mwishoni msemaji asiulize tu, “Mmeelewa?” Watu wengi watajibu “ndiyo” kwa heshima. Ni afadhali aulize, “Mtawaambia nini waliobaki nyumbani?” Jibu litaonyesha kilichoeleweka na kilichopotea njiani.

Mkazi anaweza kudai

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika, au anayezuiwa na ulemavu, anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo. Afisa anatakiwa kuliandika na kumpa nakala. Jibu litolewe haraka iwezekanavyo, na lisipite siku 21. Ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, itolewe ndani ya saa 48.

Mkazi ambaye hakuelewa tangazo hana sababu ya kuona haya. Aende kwa msimamizi wa wadi aombe aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kupata habari ni haki yake.