Kupamba nyumba Molo: picha huleta wateja, dipoziti ndiyo huwaweka

Mwezi wa Julai, Molo, hakuna anayekaa sebuleni bila sweta. Mji uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya hapa haibishi hodi. Kwenye nyumba isiyo na dari, mabati hutoa jasho alfajiri: matone yanaangukia sofa na kapeti, na baada ya muda kuvu inatambaa ukutani nyuma ya kabati. Mtu anayejua kuitatua shida hiyo, na kuifanya nyumba ipendeze kwa bei ya hapa, ana kazi.

Tunasema hivi kwa sababu wateja wetu wengi wanaoanza kupamba nyumba huanza kwa kuiga picha za Nairobi au Mombasa. Sakafu ya vigae vyeupe, pazia jepesi linalopeperuka, madirisha makubwa. Zinapendeza kwa simu. Ukizileta nyumba ya mbao kule Turi au Elburgon, mwenye nyumba atakuuliza swali moja tu: "Na baridi?" Kwa hivyo anza na hapo. Dari la mbao, pazia zito lenye kitambaa cha ndani, kapeti nene, rangi ya joto kama udongo au haradali, na mahali salama pa kuweka jiko penye hewa ya kutosha. Hilo la hewa si pambo. Jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa kabisa linaua, na ukishaziba kila ufa ili kuzuia baridi, umeongeza hatari hiyo wewe mwenyewe. Mwambie mteja waziwazi.

Nyumba ya kwanza kupamba ni yako. Piga picha kabla na baada, ukisimama kona ileile, saa ileile ya mchana. Andika na bei: mbao kiasi gani, rangi kiasi gani, fundi alilipwa ngapi. Wengi huficha bei wakidhani wataibiwa ujuzi. Sisi tunaona kinyume. Jirani akiona sebule nzuri bila bei, anasema ni ya matajiri na kupita. Akiona bei, anaanza kuhesabu.

Hesabu inapoharibika

Sasa tufike panapouma. Kazi hizi mara nyingi hazifi kwa kukosa wateja. Zinakufa mteja wa tatu au wa nne anapotuma dipoziti kwa laini ile unayonunulia unga, na wiki hiyohiyo shule inadai karo. Pesa ya mbao za mtu inalipa karo ya mtoto wako. Si wizi, ulikusudia kurudisha. Lakini fundi amefika, mbao hakuna, na mteja anapiga simu. Molo si mji mkubwa. Habari itafika sokoni kabla yako.

Tuchukue mfano wa sebule moja. Dari ni Sh16,000, rangi Sh6,500, pazia na fimbo zake Sh5,500, usafiri kutoka Nakuru Sh3,000. Vifaa vyote ni Sh31,000. Fundi ni Sh8,000 na malipo yako wewe ni Sh9,000. Jumla Sh48,000.

Watu wengi huomba "nusu", yaani Sh24,000, kwa sababu nusu ni rahisi kutamka. Angalia kinachotokea: ili kununua vifaa vyote unatoa Sh7,000 mfukoni mwako. Ukiwa na kazi tatu za namna hiyo kwa wakati mmoja, umewakopesha wateja wako Sh21,000 bila kujua, na huenda wewe mwenyewe umezikopa kwa simu, kwa riba.

Ushauri wetu ni kuachana na nusu. Dipoziti iwe bei ya vifaa vyote, Sh31,000. Dari likiisha kufungwa na mteja akaliona, anatuma Sh8,000, zinaenda kwa fundi. Kazi ikikamilika anatuma Sh9,000, ndizo zako. Mteja akichelewa mwishoni, kinachokwama ni faida yako tu. Itauma, lakini duka la vifaa na fundi hawakudai, na kesho unaweza kuanza kazi nyingine.

Pokea pesa hizi kwa namba ya biashara, iwe till au paybill, isiwe laini yako ya nyumbani. Na usizitoe kwa ajenti ili ukalipe duka kwa noti. Lipa duka moja kwa moja kutoka kwa namba hiyo. Unaokoa ada ya kutoa, na kila malipo yanabaki kwenye taarifa ya miamala yako. Mteja akiuliza pesa yake ilienda wapi, unamtumia ukurasa huo badala ya kubishana. Baada ya kupokea, mwandikie ujumbe mfupi, kwa mfano: "Habari mama. Nimepokea Sh31,000 za vifaa vya sebule. Naenda kununua Alhamisi, fundi anaanza Jumamosi. Zikibaki nitakurudishia." Mstari huo wa mwisho ndio humfanya akutaje kwa dada yake.

Kabla ya kununua chochote, angalia salio, si ujumbe. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana na wetu, kisha wanapiga simu wakisema wametuma zaidi kwa bahati mbaya, urudishe kiasi kilichozidi. Salio halijapanda? Hakuna pesa iliyoingia, hata mtu akilia kwenye simu.

Msimu wa mteja wako

Mwalimu hupata mshahara mwisho wa mwezi. Mfugaji analipwa maziwa mara moja kwa mwezi. Mkulima wa viazi anapata pesa nyingi kwa mpigo akivuna, halafu miezi inapita. Ukimdai mkulima Sh31,000 viazi vikiwa bado shambani, umemfukuza. Mruhusu atume kidogo kidogo kwa till, elfu mbili, elfu tatu, na kazi ianze zikitimia. Ila mwambie mapema kwamba bei inaweza kubadilika njiani.

Mbao ni mfano mzuri. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, eneo hili linalotegemea mashine za mbao liliumia sana. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza hapahapa Molo kwamba marufuku inaondolewa, na mabishano yakahamia mahakamani. Aliyekuwa amempa mteja bei ya mbao ya mwaka mzima alijikuta akibeba hasara isiyo yake. Andika kwenye kila makadirio: "Bei hii ni ya siku 14."

Kabla ya kutuma ile picha

Sebule ya mteja si yako hata kama umeipamba. Picha ya ukutani yenye watoto, cheti cha shule, sura ya bibi aliyekaa pembeni, vyote vinamtambulisha mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Hizo ni sebule karibu 39 kama ile ya mfano wetu.

Omba ruhusa kwa maandishi siku ya dipoziti, wakati mnaelewana vizuri. "Naomba kutumia picha za sebule, bila watu na bila kutaja mahali." Akikubali, ujumbe huo uweke. Akikataa, muulize kama unaweza kupiga dari peke yake. Wengi hukubali dari.