Dadu Tano na Mistari Kumi na Mitatu

Dadu tano zimetulia mezani: 2, 3, 4, 5 na 5. Mgeni wa mchezo huvutwa na zile 5 mbili, kwa kuwa zinafanana. Anazitenga, anaokota tatu zilizobaki na kuzirusha tena. Mzoefu huokota 5 moja tu, akaziacha 2, 3, 4 na 5 zilale zilipo. Zile nne zimekwisha kumpa alama 30, na hiyo moja mkononi ikiangukia 1 au 6 atapata 40. Bahati ni ileile kwa wote wawili. Kinachowatofautisha ni hesabu, na mtoto wa darasa la nne anaiweza akielezwa taratibu.

Mchezo unaitwa Yahtzee. Edwin Lowe, mfanyabiashara wa Marekani aliyekwisha kujulikana kwa kuuza bingo, alianza kuuuza mwaka 1956, na leo jina hilo ni mali ya kampuni ya Hasbro. Hakuubuni kutoka hewani. Amerika ya Kusini kuna Generala, ambao nao ni wa dadu tano na mirusho mitatu. Kutoka kwenye poka yamechukuliwa maumbo tu: zinazofanana tatu, zinazofanana nne, tatu kwa mbili, na zinazofuatana. Karata hazimo, wala dau. Nalisisitiza hili la dau kwa sababu katika nyumba zetu nyingi dadu zikitajwa mzazi hufikiria kamari. Hapa hakuna shilingi inayowekwa mezani. Kinachoshindaniwa ni jumla iliyoandikwa kwenye karatasi.

Unahitaji dadu tano, kalamu na karatasi ya daftari. Seti moja ya ludo haitatosha, kwa hiyo kusanya dadu za seti kadhaa. Kila mchezaji achore mistari 13. Zamu yako ikifika, rusha dadu zote tano. Tenga unazozitaka, rusha zilizobaki, kisha fanya hivyo mara moja zaidi. Mirusho ni mitatu, haizidi, ingawa unaweza kusimama mapema ukiridhika. Hata dadu uliyoitenga mwanzo unaruhusiwa kuiokota tena ukibadili nia. Baada ya hapo lazima uandike matokeo kwenye mstari mmoja, na mstari ukishaandikwa haufutwi wala haurudiwi. Ukikosa mstari unaofaa, unaandika sifuri kwenye mmojawapo. Mchezo mzima umejificha katika sharti hili.

Mistari sita ya juu ni ya namba, 1 hadi 6. Kwenye mstari wa 4 unajumlisha dadu zilizoonyesha 4 tu: zikiwa tatu, ni alama 12. Mistari saba ya chini ndiyo yenye maumbo ya poka. Ukipata zinazofanana tatu, au nne, unaandika jumla ya dadu zote tano. Tatu kwa mbili, kama 3, 3, 3, 6, 6, ni alama 25. Nne zinazofuatana ni 30, tano zinazofuatana ni 40. Zote tano zikifanana umepata Yahtzee, alama 50. Mstari wa mwisho ni wa huru: unaandika jumla ya chochote kilichoanguka. Ukiwa umekwisha kuandika 50 za Yahtzee kisha ukapata nyingine, unaongezewa 100. Ila kama pale uliandika sifuri, nyongeza hiyo huipati tena.

Wengi hukimbilia mistari ya chini kwa sababu alama zake zinang'aa. Naona wanakosea. Jumla ya mistari sita ya juu ikifika 63 unaongezewa alama 35, na 63 si namba ya kubahatisha: ni dadu tatu za kila namba, yaani mara tatu ya 1, 2, 3, 4, 5 na 6. Kwa hiyo kila uandikapo juu, jiulize kama umefikisha tatu. Ukipata 6 nne umevuka kipimo kwa alama 6. Akiba hiyo inaweza kufidia mstari mzima wa 1, ambao kipimo chake ni 3 tu, na bado ukabakiwa na 3. Ndiyo maana mstari wa 1 ni mahali pazuri pa kutupia zamu iliyoharibika. Kuutupa mstari wa 6 ni kupoteza alama 18 ambazo hutazipata kwingine kwa urahisi.

Turudi kwenye zile 2, 3, 4, 5. Dadu moja iliyobaki ina nyuso sita, na mbili kati yake, 1 na 6, zinafaa. Kwa mirusho miwili iliyosalia, nafasi ya kupata tano zinazofuatana ni 5 kwa 9, zaidi ya nusu. Sasa chukua 3, 4, 5, 6. Zinaonekana sawasawa na zile za kwanza, hata kubwa kuliko zile, lakini dadu haina 7. Uso unaofaa ni 2 peke yake, na nafasi inashuka hadi 11 kwa 36, chini ya theluthi moja. Mtoto akiliona hili kwa macho yake mezani, amejifunza sehemu na uwezekano bila ubao wa darasani.

Au tuseme mrusho wa kwanza umekupa 6 tatu. Ukirusha mbili zilizobaki mara mbili, nafasi ya kuongeza angalau 6 moja ni kidogo zaidi ya nusu. Nafasi ya kuzipata zote mbili na kukamilisha Yahtzee haifiki moja kwa kumi. Inafaa kujaribu, kwa sababu hata ukikosa, zile 6 tatu zina mstari wake juu. Jaribio jema ni lile ambalo likishindikana halikuachi mikono mitupu. Ama kuifukuza Yahtzee kwa jozi ya 1 huku mistari mingi ikiwa wazi, huko ni kuzitupa zamu. Dadu tano kufanana kwa mrusho mmoja hutokea mara moja kwa 1,296. Hata ukiitafuta kwa mirusho yote mitatu na kwa uangalifu wote, utaipata takriban mara moja kwa zamu 22, na zamu zako ni 13 tu.

Mstari wa huru nao uutunze. Mtu anayetafuta jumla kubwa peke yake, akitumia vizuri mirusho mitatu, hupata wastani wa alama 23 na kidogo. Ukiandika hapo 14 katika zamu ya pili kwa kuogopa sifuri, umeuza kinga yako bei rahisi. Zamu ya 11 itakuja, dadu zimekataa kabisa, na huna pa kukimbilia.

Anayemaliza na alama 180 asivunjike moyo. Kompyuta inayochagua bila kosa katika kila zamu hupata wastani kati ya 254 na 255, na yenyewe huandika sifuri.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mtoto akisitasita, kalamu hewani, asijue aandike wapi, msimwonyeshe mstari. Mwulizeni ni mistari gani imembakia, kisha mngojeni ahesabu.