Mzazi, lisome fumbo kabla ya kutazama jibu

Mwaka 1979 watafiti wa ufundishaji wa hisabati mjini Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa shule ya msingi fumbo hili: merikebuni mna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa jibu kwa kuzikokotoa namba hizo. Ukijumlisha unapata 36, umri ambao kweli unamfaa nahodha!

Watoto wale hawakuwa wajinga. Mafumbo waliyoyazoea yaliwafundisha kuwa kila namba lazima itumike, na kwamba kisa chenyewe ni pambo tu.

Wazazi wa Kiislamu tunalo la kuangalia zaidi. Tuchukue fumbo la aina hii: "Baba amefariki, ameacha mbuzi 12 na watoto 4. Kila mtoto atapata mbuzi wangapi?" Jibu linalotarajiwa ni 3. Lakini mtoto aliyefundishwa mirathi madrasa anajua kuwa swali hili halijibiki. Wa kiume ni wangapi, na wa kike wangapi? Mjane yupo? Wazazi wa marehemu wangali hai? Alikuwa na deni? Akiandika 3 anawekewa alama ya vema. Akiuliza, huenda akaonekana msumbufu. Hivyo hujifunza kuiacha elimu ya dini mlangoni mwa darasa la hisabati.

Fumbo hilo linatengenezeka. Marehemu ameacha mbuzi 35, na deni lenye thamani ya mbuzi 3. Hakuacha wasia. Warithi wake ni mke mmoja, wana watatu na binti mmoja, hakuna mwingine. Kwanza deni lilipwe, wabaki mbuzi 32. Mke ana thumni, yaani mbuzi 4. Waliosalia ni 28, nao hugawanywa mafungu saba, kwa kuwa mwana hupata mafungu mawili na binti fungu moja, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa, aya ya 11. Kila mwana apewe 8, binti 4. Mtoto na ahakiki: 4, na 24, na 4, ni 32. Anayeanza kwa kugawanya 35 atajikuta anakatakata mbuzi, na hapo kisa chenyewe kitamrudisha kwenye deni.

Jambo hili si geni kwetu. Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun (813–833), alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi.

Jioni, daftari likifunguliwa, mwambie mwanao afunike namba kwa kidole akusimulie kisa. Asipoweza kusimulia, msianze kukokotoa. Kisha mpe hili: wanafunzi 100 wa madrasa wanakwenda ziara, na kila basi huchukua 30. Akikujibu "3, baki 10", muulize wale 10 watapanda gari gani.