Maji ya Ziwa Yafika Unyanyembe

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya kumi na tisa ilipanga mwendo wake kwa kufuata maji; na palipokuwa na nyika kavu ya kuvuka, kama ile ya Mgunda Mkali upande wa mashariki ya Unyanyembe, wapagazi walikunywa, wakajaza vibuyu, kisha wakaondoka alasiri kwa mwendo ulioitwa tirikeza, ili usiku uwakute katikati ya pori na asubuhi iwafikishe penye kisima kingine. Waliofika Kazeh, mji wa Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, walimshukuru Mola, wakatua mizigo. Na ni huko Kazeh ambako Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu, alimpa msafiri Mwingereza Burton habari za ziwa la kaskazini lililo kubwa kuliko Tanganyika, ndilo Ziwa Victoria, hata Julai 1858 mwenzake Speke akashika njia ya kwenda kulitafuta, na tarehe 3 Agosti akaliona.

Tabora ina mvua, ila mvua zenyewe hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kisha hufuata miezi ya jua kali ambayo hunywa mabwawa kuliko wanavyoyanywa watu. Kwa miaka mingi mji ulitegemea mabwawa ya Kazima na Igombe, na kila msimu ulipochelewa, mikokoteni yenye madumu ya lita 20 ikawa ndiyo mabomba ya mitaani, na fukara akanunua maji kwa bei iliyozidi ile ya tajiri mwenye bomba uani.

Dawa ya maradhi hayo ilitafutwa katika Ziwa Victoria. Katika mwaka 2009 Rais Kikwete alizindua mradi mkubwa unaochota maji Ihelele, wilayani Misungwi, ukayasafisha na kuyapandisha kwa pampu za umeme hata kwenye tangi lililoko kilima cha Mabale, yakatelemka kutoka huko kwenda Shinyanga na Kahama. Kwa kuwa ziwa hilo hulisha Mto Nile, mkataba wa mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri ulikuwa ukizuia kazi za namna hiyo bila ya idhini ya Misri, lakini Tanganyika ilikwisha kutangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi nao, na kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa haki. Kisha, kwa mkopo wa dola milioni 268.35 kutoka Benki ya Exim ya India, bomba lilichepushwa Solwa likapelekwa Nzega, Igunga na Tabora, pamoja na vijiji vilivyo kando ya njia yake.

Walioifanya kazi hii wanastahiki sifa. Lakini dhima iliyo nzito huanza pale mkandarasi anapokabidhi funguo. Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko kiasi cha mita 1,200. Maana yake ni kwamba kila mita moja ya ujazo, yenye uzito wa tani nzima, sharti iinuliwe, na umeme wa kuiinua ulipiwe kila mwezi. Mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, KASHWASA, huyauza maji kwa jumla, mamlaka ya mji huyauza kwa wananchi, na mwananchi hulipa ankara; pete moja ya mnyororo huo ikilegea, iwe ni nyumba ya mtu au ofisi ya umma, deni hupanda daraja kwa daraja hata likaufikia mtambo wenyewe.

Mtu atakaye kujua hali ya mji wowote unaoletewa maji hayo na aende saa nane ya usiku penye dira iliyo chini ya tangi kuu. Saa hiyo watu wamelala, bomba za uani zimefungwa, na magati yamefungwa; ikiwa mshale wa dira ungali unazunguka kwa kasi, basi hayo ni maji yaliyosafirishwa kutoka ziwani kwa gharama yote ile, nayo yanamwagika chini ya ardhi kwa mabomba yaliyozeeka au kwa viungo vilivyofungwa kwa siri. Kipimo hiki hakihitaji mtaalamu wa kigeni. Chahitaji fundi mwaminifu, daftari, na mkubwa anayelisoma.

Nchi hii inakumbuka yatokeayo matunzo yanapokosekana. Mwaka 1971 Serikali iliazimia kwamba hata kufikia mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake; visima vikachimbwa, pampu zikafungwa, na nyingi zikanyamaza kwa kukosa vipuri, dizeli na mtu wa kuzitunza.

Tena si insafu kuisahau Igombe kwa sababu ziwa limefika. Pampu za Ihelele zikisimama kwa hitilafu ya umeme, bwawa ndilo litakalounusuru mji. Nalo halitadumu ikiwa misitu ya miombo inayolilinda itaendelea kukatwa kwa mkaa na kwa kuni za kukaushia tumbaku, udongo ukaselelea ndani yake kila masika.

Rai yangu ni hii: mamlaka zinazohusika zibandike kila mwezi, mahali penye macho ya watu, hesabu ya maji yaliyoingia tangini na hesabu ya maji yaliyolipiwa; ofisi za umma zilipe madeni yao kabla mjane hajakatiwa maji; na sisi wakazi, tukiona maji yanabubujika barabarani, tutoe taarifa siku hiyo hiyo.