Mjomba alivyofunga karakana Kimamba akaenda Kigali kuona baiskeli

KIMAMBA baiskeli si mchezo. Ni gari la mkaa, la madumu ya maji, la maziwa ya asubuhi na la mgonjwa anayewahishwa zahanati. Ukipita barabara ya Kilosa alfajiri, pembeni mashamba ya mkonge, utawaona wamepanga mizigo kwenye keria mpaka mwendeshaji haonekani, unaona miguu tu inazunguka.

Mjomba wangu amezitengeneza baiskeli hizo zaidi ya miaka arobaini, chini ya mwembe, si mbali na stesheni ya reli ya zamani. Amefungua Phoenix, amefungua Swala zile zilizoundwa Dar es Salaam, sasa anafungua hizi za Kichina ambazo anasema ringi zake ni za kukunja kwa mkono. Kwa hiyo mjukuu wake wa miaka 16 alipomwambia anataka kuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, mzee alicheka. Kijana hakucheka. Kuna mtu Morogoro alikuwa anauza baiskeli ya mbio iliyotumika, anataka laki sita. Na laki sita ndiyo iliyokuwa ndani, imetengwa kwa ajili ya mabati.

"Mpwa," aliniambia kwenye simu, "wewe unaandika mambo ya michezo. Kuna watu kweli wanakula kwa baiskeli, au huyu mtoto anadanganywa na simu?"

Nikamwambia asinisikilize mimi, twende akaone mwenyewe. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa yanafanyika Kigali, Septemba 21 hadi 28, mara ya kwanza kuja Afrika tangu yaanze zaidi ya karne moja iliyopita. Kwa mpenzi wa baiskeli wa huku kwetu, ni kama Kombe la Dunia limeletwa nyumba ya jirani. Tena kiingilio hakuna: barabara ndiyo uwanja, unasimama pembeni unaangalia bure.

Tuliondoka na begi moja na chupa ya chai. Kimamba hadi Dumila, pale unashika barabara kuu ya Dodoma. Baada ya hapo ni basi tu: Dodoma, Singida, Nzega, tukalala Kahama. Kesho yake Nyakanazi, Benaco, Rusumo. Safari ndefu, na mabasi yetu mnayajua. Letu liliharibika feni belti porini, na mjomba ndiye aliyeshuka kumshikia fundi tochi, akarudi amechafuka mafuta na furaha yake.

Rusumo unavuka mto Kagera kwa daraja, maporomoko yakiunguruma chini yako. Taratibu za Uhamiaji za nchi zote mbili zinamalizwa sehemu moja. Ukivuka, gari linahamia kulia na saa unairudisha nyuma kwa saa moja. Mjomba alikataa kugusa saa yake. Siku zote tulizokaa Kigali alikuwa anaishi kwa saa za Kimamba, na kila asubuhi alikuwa ameshavaa viatu mimi bado nimelala.

Kutoka hapo ni Kirehe, Ngoma, Kayonza, Rwamagana, vilima juu ya vilima. Njiani aliona wanaume wanasukuma baiskeli za mizigo mlimani, ndizi mbele na nyuma. Akanyamaza kidogo. "Hawa wangezaliwa Kimamba kwenye tambarare wangeruka," akasema.

Kigali wiki ile ilikuwa imesimama. Shule zilifungwa, wafanyakazi wa serikali wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani, barabara zikaachiwa baiskeli. Mji wenyewe uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu tambarare ya kuegesha hata toroli ni ya kutafuta.

Jumamosi tuliwaona wanawake. Wakubwa waliotabiriwa walichungana wao kwa wao mpaka wakachelewa, na Magdeleine Vallieres wa Canada, ambaye wachache walimtaja, akawaacha na kubeba jezi. Mjomba hakushangaa: "Simba wawili wakitazamana, fisi anakula." Nikamwambia binti wa watu si fisi. Akasema sawa, lakini amekula.

Jumapili ndiyo iliyotupeleka. Kilometa 267.5 za wanaume, vilima vikijumlishwa vinazidi mita 5,000 za kupanda. Ushauri wangu kwa atakayekwenda kuangalia mbio kama hizi: usisimame kwenye mstari wa kumalizia. Pale utaona migongo ya watu. Tafuta kilima. Sisi tulikwenda Kimihurura, barabara ya mawe inayopanda kilometa moja na ushee, na kwa kuwa mzunguko wa mjini ni kilometa 15 hivi na unarudiwa mara 15, wanariadha wale wale wanapita mbele yako siku nzima. Kwenye tambarare wanapita kama upepo, huoni kitu. Kwenye mawe unaona jasho, unasikia pumzi, unasikia cheni.

Mjomba alikuwa anasikiliza cheni. Watu wanapiga vuvuzela, watoto wamepanda kwenye miti, yeye ameinamisha kichwa. "Hazilii," akaniambia. "Baiskeli mia moja na sitini zinapanda mlima, hakuna hata moja inayolia."

Mizunguko tisa ya kwanza ilikuwa ya kuchoshana. Kisha wakatolewa nje ya mzunguko kwenda kuupanda Mlima Kigali, karibu kilometa sita, halafu ule ukuta wa Kwa Mutwe ambao mashabiki wa Tour du Rwanda wanaujua. Huko hatukuwaona, tulifuata kwenye simu ya kijana mmoja wa Rwamagana tuliyesimama naye, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Tadej Pogačar wa Slovenia, bingwa mtetezi, aliwasha moto zikiwa zimebaki kilometa zaidi ya 100. Waliomfuata ni Juan Ayuso na Isaac del Toro. Ayuso akaachia, baadaye del Toro naye akaachia, na Pogačar akabaki peke yake kilometa 66.

Lakini kilichomkamata mjomba ni Remco Evenepoel, Mbelgiji. Jumapili iliyotangulia, kwenye mbio za kushindana na saa, Evenepoel alimkamata na kumpita Pogačar barabarani, na Pogačar alikuwa ameanza dakika mbili na nusu mbele yake. Sasa, siku ya siku, aligonga shimo na kiti chake kikashuka. Akabadilisha baiskeli. Hiyo nayo haikumkaa, akasimama pembeni kungoja gari la timu yake alete nyingine, hasira mpaka anakipiga kiti.

"Kiti!" Mjomba alinishika mkono. "Bolti moja tu, mpwa. Spana namba kumi na tatu." Nikajaribu kumweleza kwamba baiskeli zile hazitumii spana hiyo. Hakutaka kusikia. Kwa maneno yake, dunia nzima imekuja Kigali na amekosekana fundi wa kukaza bolti.

Pogačar alipita mbele yetu peke yake, uso mkavu, na Kimihurura nzima ikalia. Alimaliza baada ya saa sita na dakika ishirini na ushee. Evenepoel, na visa vyake vyote, alifika wa pili, dakika moja na sekunde 28 nyuma. Ben Healy wa Ireland akawa wa tatu. Walioanza walizidi 160, waliomaliza ni 30 tu.

Hapo ndipo mjomba aliuliza swali lake. "Wetu wako wapi?"

Nikamtajia Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France 2024 na kurudi na jezi ya kijani. Nikamtajia Joseph Areruya, Mnyarwanda aliyeshinda Tour du Rwanda 2017, mbio zinazofanyika kila Februari, na ambazo msafiri wa mfuko wetu anaweza kuziwahi mwakani kwa njia ile ile ya Rusumo. Nikamtajia Adrien Niyonshuti, aliyebeba bendera ya Rwanda Olimpiki ya London 2012. Nikasema na sisi tuna vijana Kanda ya Ziwa wanaoshindana miaka nenda rudi kwa baiskeli ambazo Ulaya zingewekwa makumbusho.

"Hao wamefunzwa na nani?"

Ndilo swali lenyewe, na sikuwa na jibu la kumpa kuhusu kijana wa Kimamba. Rwanda haikuanza na mashindano ya dunia. Ilianza na mbio zake yenyewe mwaka 1988, zikakua mpaka zikaingia kwenye kalenda ya kimataifa. Sisi huku mtoto akiwa na miguu, anaambiwa aongeze mzigo.

Kurudi mjomba hakuongea sana. Karibu na Nzega aliniamsha kuniuliza kama wale wa mwisho, walioshushwa njiani, nao wanalipwa. Nikamwambia wengi ni wa timu za kulipwa, wana mishahara. Akatikisa kichwa, akarudi kuangalia dirishani.

Wiki iliyopita alinipigia. Alikuwa amekwenda Morogoro na spana zake kwenye mfuko.

"Ile ya laki sita nimeikagua, mpwa. Foko ya mbele ina ufa, wamepaka rangi juu. Ingemuua mtoto."

"Kwa hiyo mabati?"

"Mvua bado. Tunatafuta nyingine."