PIKIPIKI KUBWA ILIYOTUMIKA: TUINUNUE AU TUIACHE?



Katika mji wetu wa Gisenyi hupita pikipiki kubwa za safari za mbali. Wasafiri wa nchi za nje hushuka nazo kutoka Musanze, hulala kando ya ziwa Kivu, kisha hushika barabara ya Karongi. Mara moja moja mmoja wao hukatisha safari na kutaka kuuza chombo chake. Nyingine hutoka Kampala, Kigali au ng'ambo ya mpaka, Goma. Mfanyakazi wa kiwanda cha bia au wa mashamba ya chai ya Pfunda akisikia bei yake hushangaa, maana chombo ambacho kikiwa kipya huuzwa kwa bei ya gari, leo kinatajwa kwa bei ambayo mtu mwenye akiba na mkopo kidogo aweza kuifikia. Ndipo swali linapokuja: ninunue?

Makala hii haikusudii kumkataza mtu. Kila mmoja ni bwana wa mshahara wake. Lakini ni wajibu wetu kuelezana mambo kabla fedha hazijatoka mfukoni. Neno la kwanza la kukumbuka ni hili: bei anayokutajia muuzaji siyo gharama ya pikipiki. Gharama yake ni petroli, spea, karatasi na deni, kila mwezi, kwa muda wote utakaokuwa nayo.

Pikipiki kubwa ni ipi?

Pikipiki tunazozijua sote, za Bajaj Boxer na TVS zinazobeba abiria mjini, zina injini ya cc 100 hadi 150 na uzito wa kilo 110 hadi 125 hivi. Pikipiki ya safari za mbali ni chombo kingine kabisa. BMW R 1200 GS, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2018, ina injini ya cc 1,170 na uzito wa kilo 225 au zaidi ikiwa na mafuta. Honda Gold Wing ya cc 1,832 ina silinda sita na uzito unaozidi kilo 350.

Vyombo hivi vimetengenezwa kwa kazi maalum, nayo ni kumbeba mtu, mwenziwe na mizigo yao kilomita 500 kwa siku juu ya lami, bila kuwachosha. Kwa kazi hiyo ni vizuri sana. Lakini mfanyakazi wa hapa hana safari hiyo. Safari yake ni kutoka nyumbani kwenda kazini, labda kutoka Mahoko hadi Nyamyumba, nusu ya njia ikiwa ya udongo, na mara nyingine usiku wakati wa kubadilisha zamu. Hata akienda Kigali, ni mwendo wa kilomita 150 na ushee, barabara yenye kona nyingi, kamera za polisi, na sehemu nyingi ambazo mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 60 kwa saa au chini yake. Injini iwezayo kukimbia kilomita 200 kwa saa haikufikishi kazini mapema kuliko Boxer ya jirani.

Tukumbuke pia matope. Katika njia za mashamba ya chai wakati wa mvua, pikipiki ya kilo 120 ikianguka unaiinua peke yako na kuendelea. Ile ya kilo 250 ikilala ubavu, utangoja wapita njia.

Tupige hesabu ya petroli

Tuseme unasafiri kilomita 20 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 520.

Pikipiki ndogo iliyo nzima hutembea kilomita 45 au zaidi kwa lita moja. Kwa mwezi itakula karibu lita 12. Pikipiki ya cc 1,200 hutembea kilomita 18 hivi kwa lita moja. Kwa mwezi itakula karibu lita 29. Tofauti ni lita 17 kila mwezi, yaani lita 204 kwa mwaka, kwa njia ile ile na kazi ile ile.

Sasa chukua bei ya lita moja iliyoandikwa leo kwenye kituo cha petroli, uizidishe mara 17. Jibu utakalopata ni fedha utakayolipa kila mwezi kwa ajili ya ukubwa wa pikipiki peke yake. Ilinganishe na karo ya mtoto au mchango wako wa ikimina, ndipo uamue.

Spea na fundi

Hapa ndipo wengi hushindwa. Spea za Boxer na TVS zipo kila soko, na kila fundi wa njiani anazifahamu. Plagi, mnyororo, kebo ya klachi, tairi, vyote hupatikana siku hiyo hiyo.

Pikipiki kubwa haiko hivyo. Tairi lake la nyuma ni pana kuliko la pikipiki ndogo mara mbili au zaidi, huchakaa upesi kwa sababu ya uzito, na huenda ukalazimika kuliagiza kutoka mbali. Mafuta ya injini ya ile BMW ni lita 4 kila unapobadilisha, wakati Boxer hutosheka na lita moja hivi. Pikipiki nyingi za aina hiyo zina breki na injini zinazoongozwa na mitambo ya umeme, na kosa likitokea fundi huhitaji kompyuta maalum ili kulijua. Fundi asiye na chombo hicho atabahatisha, nawe utalipia kubahatisha kwake.

Kwa hiyo, kabla hujaitazama pikipiki yenyewe, fanya kazi hii. Andika vitu vitano: tairi la nyuma, betri, pedi za breki, chujio la mafuta, na mnyororo wenye meno yake (au, kwa ile isiyo na mnyororo, mafuta ya ekseli ya nyuma). Kisha uliza Gisenyi na Kigali: kipo? ni bei gani? kinachukua siku ngapi? Ukikosa jibu kwa vitu viwili kati ya hivyo vitano, jua kwamba ipo siku chombo hicho kitakaa uani kikifunikwa turubai, nawe utakwenda kazini kwa miguu huku ukikilipia.

Karatasi

Pikipiki isiyo na karatasi ni chuma tu. Ikiwa imekwisha kuandikishwa Rwanda, taka kuona kadi yake ya njano. Jina lililomo liwe la huyo anayekuuzia. Namba ya fremu na ya injini zilingane na zile za kwenye kadi, nawe uzisome mwenyewe kwa tochi, usisomewe. Ikiwa namba imekwaruzwa au kupigwa nyundo, ondoka. Mkifika bei, andikeni mkataba mbele ya noteri, na umiliki uhamishwe kwa jina lako katika ofisi ya mapato. Usimwachie muuzaji fedha zote kwa ahadi kwamba karatasi zitakuja baadaye.

Ikiwa ina namba ya nchi nyingine, bei unayotajiwa ni ya chombo bila ushuru. Kuna ushuru wa forodha, na kuna kodi ya thamani, ambayo kwetu ni asilimia 18. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda hukadiria kwa thamani ya chombo, siyo kwa fedha uliyompa muuzaji mkononi. Nenda ukaulize kwanza, upate hesabu kwa maandishi. Wako waliojikuta ushuru unakaribia bei ya kununulia.

Kwa pikipiki inayotoka Goma, uangalifu uwe mara mbili. Mwezi wa Januari 2025, mji huo ulipotekwa na M23, kulikuwa na uporaji, na maghala ya mashirika ya misaada yalivunjwa. Chombo kikubwa kinachouzwa kwa bei ya chini na mtu asiye na karatasi chaweza kuwa mali ya mwingine. Atakayekamatwa nacho siyo aliyekiiba, ni wewe uliyekutwa nacho mkononi.

Usisahau leseni ya pikipiki, bima ambayo ni ya lazima, na kofia mbili ngumu. Bima nayo iulize bei yake mapema.

Asikudanganye mtu pia kwamba utairudisha fedha kwa kubeba abiria. Kazi ya teksi ina vibali vyake, na hakuna abiria atakayelipa zaidi kwa kuwa injini yako ni kubwa. Mambo yenyewe yanabadilika: tangu Januari 2025, pikipiki mpya za petroli haziandikishwi tena kwa kazi ya teksi mjini Kigali, zinatakiwa za umeme.

Ukifika kuikagua

Nenda mchana, siyo jioni, na uende na fundi wako, siyo wa muuzaji. Tazameni haya:

1. Injini iwe baridi mnapofika. Igusa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema ili kuficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu unaoendelea ni dalili ya injini inayokula mafuta yake. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi.

2. Fungua mahali pa kutilia mafuta ya injini. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Jambo hili tusilipuuze hapa kwetu. Mafuriko ya mto Sebeya ya Mei 2023 yaliingia nyumbani mwa watu wengi, na chombo kilicholala majini hupakwa rangi kikang'aa tena. Tafuta tope kavu nyuma ya taa na chini ya kiti, na kutu ya kijani kwenye viungo vya nyaya.

3. Tazama miguu ya mbele. Mafuta yakitiririka juu ya chuma, sili zimekwisha. Geuza usukani polepole kulia na kushoto gurudumu likiwa juu. Ukisikia unakwama katikati, beringi zimekwisha.

4. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi. 2318 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2018. Tairi la zamani hupasuka hata kama meno yake bado marefu.

5. Tazama ncha za usukani, pedali na vifuniko vya injini. Mikwaruzo ya upande mmoja ni alama ya kuanguka. Ikiwa imefanya kazi Goma juu ya mawe ya volkano, kagua rimu kama zimepinda, na chujio la hewa kama limejaa vumbi.

6. Usiiamini saa ya kilomita peke yake. Kiti kilichochakaa na pedali zilizolika husema kweli kuliko namba.

7. Mwisho, ijaribu kwenye mlima. Panda nayo barabara ya kuelekea Kanama, kisha ushuke. Breki ikilegea mkononi kadiri unavyoshuka, haifai mpaka itengenezwe. Muuzaji akikataa isijaribiwe, nawe kataa kununua.

Deni

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Anayekopa Umurenge SACCO au benki kwa dhamana ya mshahara hukatwa kila mwezi, pikipiki iwe inatembea au imelala. Andika kwenye karatasi mshahara unaoufikisha nyumbani. Toa chakula, kodi ya nyumba, karo, mituweli na ikimina. Kinachobaki, kigawe mara mbili, na nusu moja usiiguse, maana ugonjwa na msiba havipigi hodi. Nusu ya pili ndiyo iwezayo kubeba pikipiki pamoja na petroli yake. Mkatwo wa mkopo peke yake ukiizidi nusu hiyo, hesabu imekwisha kukujibu.

Liko na jambo lingine linalotuhusu sisi wa chama. Mfanyakazi mwenye deni zito huogopa kusema. Mashine haina kinga, ananyamaza. Saa za ziada hazikulipwa, ananyamaza, kwa kuwa mwezi mmoja bila mshahara utamnyang'anya chombo na akiba pamoja. Deni la namna hiyo humfunga mmoja na kuwadhoofisha wenzake wote.

Basi nani anunue?

Anunue yule mwenye safari ndefu za mara kwa mara juu ya lami, mwenye fedha yake bila kukopa, aliyepata majibu ya vile vitu vitano vya spea, na ambaye karatasi zote ziko mezani. Huyo atapata chombo imara kwa bei nzuri.

Wengine wote, na ndio wengi wetu, wafikirie pikipiki ndogo iliyo nzima. Kwa wa mashambani iko pia Yamaha ya AG, ile ya mabwana shamba. Ni nyepesi, na mnyororo wake umefunikwa usiingie tope. Miradi na mashirika huziuza zinapozeeka.

Na kwa wale wanaotafuta pikipiki kwa sababu moja tu, kwamba zamu ya usiku huisha wakati hakuna njia ya kurudi nyumbani, tunasema hivi: hilo siyo tatizo la mtu mmoja kulimaliza kwa mkopo wake. Lileteni kwenye mkutano wa tawi. Semeni ni wangapi, mnakaa wapi, zamu inaisha saa ngapi, na wajumbe wetu walipeleke mezani kwa mwajiri. Gari moja la wafanyakazi hubeba watu wengi kuliko pikipiki yoyote, hata ile ya silinda sita.